Amos Nani

Jumatatu, 10 Machi

Andika. Mimi naitwa Bernadeta, hilo ni jina la padri. Lile la kwanza wanaolijua wamebaki wawili na mmoja haoni. Nakaa Nakwa, hapa Babati mjini, kwenye nyumba ya mwanangu, chumba cha nyuma kinachopakana na zizi. Shule sikwenda, nilikwenda na ndama. Anayeandika ni Hosiana, mke wa mjukuu wangu Amos. Kafika kidato cha nne, ana mimba ya miezi saba, na wanasema mwandiko wake ni mzuri. Mimi naona nyayo za kuku tu.

Daftari nimelinunua leo dukani kwa Twalha. Akaniuliza, "Bibi, unaanza shule?" Nikamwambia naanza kesi.

Kesi yenyewe ni hii. Ndani ya nyumba hii kuna karatasi inayosema uongo, na mwanangu anaiamini kwa sababu ni karatasi. Mdomo wangu uliomfundisha kula hauamini. Basi na mimi nitakuwa na karatasi yangu.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Hosiana kliniki. Zahanati yenyewe siitaji, haistahili kuwekwa kwenye daftari jipya. Mlangoni nesi akasema wazee wakae nje kwenye benchi. Nikakaa. Benchi lina mguu mmoja mfupi, aliyekaa mwisho akiinuka wengine wote mnashikana. Huko ndani wakamwuliza Hosiana jina la baba wa mtoto. Akasema Amos. Wakamwuliza Amos nani. Akanyamaza.

Sasa wewe utakayesoma, kama si mtu wetu, sikiliza. Sisi Wabarbaig mwanamke akiolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Halitoki. Hata neno linalofanana nalo tunalizunguka. Mimi la baba mkwe wangu sijalitamka tangu siku niliyoolewa, na kuna ndege mmoja wa ziwani siwezi kumwita kwa sababu hiyo, nasema yule wa miguu mirefu. Na jina la pili la Amos ni la baba yake, ndiye baba mkwe wa Hosiana. Kwa hiyo akanyamaza, kama alivyofundishwa.

Nesi akasema, "Amos nani? Babati hii ina Amos mia mbili. Au mlikutana stendi?" Wenzake wakacheka. Kisha akaandika kwenye kadi: baba hajulikani. Akamwambia arudi na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba hana mume.

Na mimi wakati huo niko nje, nimekaa na hilo jina mdomoni. Wangeniuliza ningelisema. Nilimpa mimi.

Umeandika? Usilie juu ya daftari, wino utatoka.

Jumanne, 11 Machi

Baba Amos ameichukua tena kadi. Amesoma, akageuza nyuma, akasoma tena. Akasema, "Serikali imeandika hajulikani."

Nikamwambia, "Wewe ni mtoto wa nani? Hujui kwa nini amenyamaza?"

"Mama, hayo ni ya zamani. Mke wa Yoakimu, mtoto wa kaka yangu, ananiita kwa jina langu barabarani, na ni Mbarbaig. Huyu amesoma, angeshindwa nini? Amenyamaza kwa sababu hana la kusema."

Amos alikuja wakati wa kuvuna mbaazi, akakaa wiki tatu, akarudi Mirerani mgodini. Nimehesabu kwa vidole mbele ya baba yake. Yeye ananiambia mnadani Jumamosi wamemcheka, mtu kamwuliza kama hata ndama wake siku hizi wanazaliwa bila dume. Ndicho kinachomwuma. Si mtoto, ni mnada.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Palizi imesimama. Nimekasirika.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Bado.

Jumapili, 16 Machi

Amos amepiga simu. Nikamwambia mpigie baba yako umwambie mimba ni yako. Akasema, "Ni yangu, Bibi, mwambie." Nikamwambia mwambie wewe. Akasema, "Bibi, si unamjua Baba." Namjua. Nilimnyonyesha miaka mitatu. Halafu simu ikakatika, au akaikata. Anashuka chini ya ardhi kwa kamba na haogopi, lakini anamwogopa mtu aliye Nakwa.

Hosiana, andika na hilo. Najua ni mume wako. Andika.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda zahanati kufuta uongo. Nimekwenda na fimbo yangu na kadi. Nesi yule yule, kucha nyekundu. Nikamwambia baba wa mtoto anajulikana, nikamtajia jina la mwanangu. Akasema, "Bibi, haiandikwi kwa kuambiwa na bibi. Mwenye mzigo aje mwenyewe."

"Mwenye mzigo si huyu? Amebeba mbele, huoni?"

"Mwanaume, Bibi. Mwanaume ndiye mwenye mzigo."

Nimetembea kutoka pale mpaka sokoni ndipo nikapata jibu la kumpa, na nilikuwa nimechoka kurudi. Nimelihifadhi.

Jumapili, 23 Machi

Kiboko ametoka ziwani usiku akaingia shambani kwa Aminiel, kala mahindi safu nne. Watu wote wanamjua ni kiboko yupi. Kiboko hana kadi na anajulikana.

Jumatatu, 24 Machi

Skolastika jirani, yule anayekaanga samaki, kaja na moshi wake akakaa. Kasema Bonga kuna mkunga anaitwa Sabaha, ana nyumba yake ya kuzalishia, na kibali cha serikali kimetundikwa ukutani. Skolastika mwenyewe kazalia pale mtoto wa mwisho. Nikamwuliza daktari ni nani. Akasema hakuna daktari, wapo wakunga wawili tu, na ndiyo uzuri wake, kwa sababu wanakaa na wewe.

Nikamwambia mkunga ni mimi. Nimepokea watoto uwanda wa Hanang, chini ya Mlima, kwenye nyumba za udongo, wengine sasa wana mvi. Msichana wa mjini atanionyesha nini?

Skolastika akasema, "Basi mzalishe wewe." Mikono yangu inatetemeka, chai yenyewe naimwaga. Ananijua vibaya huyu mwanamke.

Alhamisi, 27 Machi

Tumekwenda Bonga kwa bajaji. Nyumba ya Sabaha ina vyumba vitatu, pazia la kitenge, sakafu unaweza kula juu yake. Katoka mwenyewe mlangoni, kajitanda ushungi, mwembamba, mikono mirefu. Mtoto wa wafanyabiashara wa mjini, baba yake alikuwa na duka la vitambaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mkunga au anakuja?"

"Ndiye mimi."

"Umezaa?"

"Wawili."

"Bila kisu?"

"Mmoja kwa kisu, mmoja bila. Karibuni ndani."

Nikaenda kutafuta benchi la nje. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema wazee hukaa nje. Akasema, "Nje kuna nini?" Akanivutia kiti, akakiweka karibu na kichwa cha Hosiana.

Akauliza maswali. Hakuwa anaandika huku anaangalia mlango. Mimba ya ngapi, unakula nini, unalala vipi, nani anakuchotea maji. Kapima presha, kapima tumbo kwa mikono kama mtu anayetafuta kitu ndani ya gunia bila kutaka kulifungua. Niliiangalia ile mikono. Haikukosea.

Kisha ikafika pale. "Baba wa mtoto?" Amos. "Amos nani?"

Hosiana akaangalia chini. Mimi nikafungua mdomo, lakini nikataka kwanza nione huyu naye atafanya nini. Sabaha akaweka kalamu mezani. Akakaa. Halafu akanigeukia mimi, polepole, akasema, "Bibi, hapa kuna jina halitamkwi?"

Nikamwuliza umejuaje. Akasema amefanya kazi Hanang miaka minne kabla ya kufungua hapa. "Mwanzo na mimi niliandika hajulikani. Niliwaandikia wanawake saba. Wa nane alikuja na mama mkwe wake, ndiye aliyenifundisha."

"Na hao saba?"

"Sijui, Bibi. Nafikiria."

Nilimkasirikia. Nikamwambia saba ni wengi. Akasema ni wengi. Hakujitetea, hakusema ndivyo kazi ilivyo. Nikalitaja jina la mwanangu na la baba yake, na la tatu, la baba mkwe wangu, nikamwambia atalipata kwa mwingine, hilo linanihusu mimi. Akaandika.

Tumegombana kuhusu dawa. Nilibeba mizizi yangu ya kuharakisha uchungu, imefungwa kwenye kitambaa. Akasema hapana. Nikasema mama yangu alitumia. Akasema hapana, kwa adabu, lakini hapana, inaweza kupasua kizazi. Akaniambia, "Mimi nazalisha anayezaa mwenyewe. Akikwama, gari lipo, nampeleka hospitali kwa daktari na naingia naye. Lakini mizizi haiingii hapa." Nimerudi na mizizi yangu. Nimekasirika, ila Hosiana ndani ya bajaji alikuwa anaimba.

Ijumaa, 28 Machi

Nimempelekea Baba Amos kadi mpya. Kaishika kwa vidole viwili. Kasema, "Hili jina umetaja wewe, Mama. Yeye hajalitaja."

"Na akilitaja utasema hana adabu."

"Nyumba ya mkunga si hospitali. Yule nesi ni wa serikali."

Halafu kasema neno. Kasema barabara ikikauka Hosiana atapelekwa kwao Basotu, azalie huko. Sisi tunajua maana yake. Mwanamke akirudishwa kwao na tumbo, mtoto anakuwa wa kwao, na nyumba ya mume imefunga mlango.

Yaani huyu binti ameliheshimu jina lake mpaka linamfukuza. Angelikuwa hana heshima, angelitaja kama mke wa Yoakimu, leo angekuwa anakaa kivulini anakula mtori. Nimemwambia hivyo mwanangu usoni. Kaondoka kwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wameshalala.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Barabara haipitiki. Hosiana yupo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Yupo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kubwa. Maharage yanaoza shambani, majirani wanaomba ikatike. Mimi naomba isikatike. Sijawahi kupenda tope namna hii.

Ijumaa, 11 Aprili

Jua. Baba Amos katoka asubuhi kumtafuta mwenye gari la Noah. Nilikaa mlangoni nikaliangalia jua kama mtu ninayemdai.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua, asante. Wanasema kuna daraja limezama njia ya Basotu.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimemwita Skolastika anisomee daftari, nijue kesi yangu imefika wapi. Kasoma vizuri, pale pa kiboko tumecheka. Akamaliza akasema, "Bibi, mbona mwanao humtaji jina hata mara moja?"

Nikamwambia namtaja kila siku. Nimekaa hapa nalitaja jina lake nikiwa nimekasirika, mara tatu ukurasa mmoja.

Skolastika akasema, "Hapa pote pameandikwa Baba Amos."

Nikamgeukia Hosiana. Kainamisha kichwa. Kasema, "Bibi, mkono nao unakataa."

Nilitaka kumgombeza. Kesi gani haina jina la mshtakiwa? Halafu nikamwangalia. Watu wamemcheka, wamemwandika, mwenye jina anataka kumtupa, na yuko peke yake na kalamu, hakuna anayemwona, mimi mwenyewe siwezi kusoma, na bado analilinda. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Hasira yangu ilikuwa gunia moja. Sasa ni magunia mawili.

Ijumaa, 25 Aprili

Bonga tena. Mtoto kageuka vizuri, kichwa chini. Sabaha kanionyesha nishike mwenyewe, kaniwekea mkono wangu unaotetemeka pale pale. Kasema, "Umekipata?" Nimekipata. Sikumwambia kitu. Nilimletea mayai sita, lakini hayo ni kwa sababu kuku wanataga sana.

Jumamosi, 3 Mei

Siku ya tatu jua.

Jumapili, 4 Mei

Jua.

Ijumaa, 9 Mei

Siku hizi zote hakuna aliyeandika, kwa sababu mwandishi alikuwa na kazi nyingine. Sasa amekaa kitandani, mtoto yuko ubavuni, kalamu iko mkononi. Tutakwenda polepole.

Jumanne asubuhi Noah ilikuja. Dereva anaitwa Theodory, kijana wa Dareda, mpole. Baba Amos kaweka begi la Hosiana nyuma mwenyewe, akalipa nauli ya Basotu, akaingia ndani. Hakuaga. Mimi nikachukua fimbo nikapanda mbele. Theodory akasema, "Bibi, na wewe unakwenda?" Nikamwambia endesha.

Hosiana alikuwa nyuma, ameshika kiti kwa mikono miwili. Nilimwona kwenye kioo. Ananyamaza, anashika, anaachia. Ananyamaza, anashika. Nikamwuliza, tangu lini? Akasema tangu alfajiri. Alikuwa ameficha, eti asije akaambiwa anajifanya ili asiondoke.

Tulipofika njia panda ya Singida Theodory akawasha taa ya kukata kona. Nikamwambia nyoosha, njia ya Dodoma.

"Bibi, mzee amelipa Basotu."

"Mzee huyo nimemzaa mimi. Nyoosha. Ukikata kona, mtoto atazaliwa kwenye kiti chako na utakiosha wewe."

Akanyoosha. Kijana mzuri, Mungu ampe mke mwenye maneno machache.

Sabaha alikuwa ameshasimama mlangoni. Hakuuliza Amos nani. Alisema tu, "Karibu, Hosiana, tulikuwa tunakungoja." Hakumlaza. Alimwacha atembee, apige magoti, ajishike kwangu, kama tulivyokuwa tunafanya sisi. Sikujua kama hilo liko kwenye vitabu. Mwenzake analeta chai, Sabaha anasikiliza moyo wa mtoto kila baada ya muda, anaandika, anarudi. Saa nzima nzima alikuwa amekaa chini sakafuni, anamsugua mgongo. Mkunga wa kibali, chini sakafuni.

Saa nane mchana mtoto akatoka. Hakulia.

Nitasema kitu sijawahi kukisema. Kule uwandani nilipokea wawili wasiolia. Tuliwafunika, tukawaweka kando, tukamshughulikia mama. Ndivyo tulivyojua. Nilipomwona huyu kalegea, rangi ya majivu, mikono yangu ikaanza kutafuta kitambaa cha kumfunika. Peke yake, bila mimi kuituma.

Sabaha akasema, "Bibi, acha." Akamkausha, akamsugua, akamwekea kile kifuko chenye kikombe usoni, akawa anabonyeza taratibu, anahesabu kwa sauti. Hakupiga kelele. Mwenzake kashika simu tayari kuita gari. Hosiana ananiangalia mimi, na mimi sina uso wa kumwonyesha. Nilikuwa nawaza wale wawili. Hakuna aliyenifundisha kubonyeza.

Halafu kikohozi kidogo, kama cha paka. Halafu kilio. Msichana. Nimezaa tisa na sijawahi kusikia kilio nikakaa chini ghafla namna ile.

Sasa subiri, sijafika.

Saa kumi bodaboda ikaja. Baba Amos. Theodory alimpigia, alikuwa anaogopa kudaiwa nauli. Kashuka amekasirika, mvua nayo ikaanza, ile iliyokuwa imejificha siku zote. Alitaka kuingia. Sabaha akamwambia kwa adabu, "Shikamoo, Baba. Mama anasafishwa, tafadhali subiri kwenye benchi." Kule kuna benchi moja, nje, na bati la paa ni fupi. Akakaa. Magoti yakaanza kulowa. Nilimwangalia kupitia dirisha, nikanywa chai yangu.

Tulipomaliza Sabaha akachukua karatasi ya kuandikisha mtoto, akaja dirishani, akafungua kioo ili yule wa nje asikie. Akauliza, "Jina la baba wa mtoto?"

Hosiana akasema, "Amos."

"Amos nani?"

Hosiana akanyamaza. Sabaha akanigeukia. Jina lilikuwa kwenye faili, mbele yake, nililitaja mimi mwezi wa tatu. Nilimwona analifunika kwa kiganja. Akaniangalia, macho yake yametulia kabisa. "Bibi, wewe unalijua?"

Wakati ule ndipo nilipompenda.

Nikasema, "Mimi ni mzee, mwanangu. Nimesahau."

Mvua inapiga bati. Sabaha akasema kwa sauti, "Basi nitaandika hajulikani."

Kule nje benchi likalia. Baba Amos kasimama. Kaja dirishani, maji yanamtiririka usoni. Akamwona mtoto. Ana paji la uso lile lile, lile baya la ukoo wao, hata nesi wa kucha nyekundu angelijua. Akasema, "Mama, unalijua."

"Nimesahau."

"Mama."

"Mwenye mzigo aseme mwenyewe." Hilo ndilo jibu nililomhifadhia nesi.

Akasimama kwenye mvua. Akalisema. Lake, na la baba yake, na lile la tatu, la baba mkwe wangu, nikaziba sikio moja maana hiyo nayo ni sheria. Sabaha akasema hakusikia vizuri kwa sababu ya mvua. Akalisema tena, kwa nguvu, mpaka wanaopita barabarani wakageuka. Kisha akaomba kumshika mtoto. Sabaha akamwambia anawe mikono kwanza.

Jumapili, 11 Mei

Tuko Nakwa. Baba Amos amechinja kondoo wa mafuta, anamletea Hosiana mchuzi mwenyewe hadi mlangoni. Amos atakuja wiki ijayo, eti. Mtoto anaitwa Sabaha, nimesema mimi, na padri atatafuta jingine la kubatizia.

Watu wananiambia sasa yamekwisha. Bado nimekasirika, andika hivyo. Yule nesi yuko palepale, na benchi lake, na leo ameketi mwanamke mwingine anaulizwa fulani nani. Na wale saba wa Sabaha. Na wale wawili wangu.

Nimemwita mwanangu nikampa daftari. Nimemwambia lisome lote, peke yako, pale pa mnada na pale pa ng'ombe waliokwisha kulala. Ukimaliza, Hosiana ameacha mstari wa jina hapa chini. Yeye hawezi na mimi sijui kuandika. Utaujaza wewe.

Nimesoma yote, Mama.
Gidabuday